Mlango wa Kilio: Vita vya Mbali na Bei ya Unga Wetu

Jirani yangu, bibi wa makamo anayepika mahamri kila alfajiri, alinisimamisha juzi nikitoka msikitini. Dukani ameambiwa kila kitu kimepanda kwa sababu ya vita vya Bahari ya Shamu. Akaniuliza, "Mwanangu, Yemen yahusu nini na unga wangu?" Swali zuri. Jibu lake linataka ramani.

Kati ya Yemen upande mmoja, na Djibouti na Eritrea upande wa pili, kuna mlango wa bahari wenye upana wa takriban kilomita 30 tu. Waarabu wanauita Bab al-Mandab, yaani Mlango wa Kilio. Meli ikitoka Ulaya kuja kwetu hupita Mfereji wa Suez, huteremka Bahari ya Shamu, kisha hutokea kwenye mlango huo na kuingia Bahari Hindi.

Mfereji wenyewe ulifunguliwa Novemba 1869 na una urefu wa kilomita 193. Hauna vizuizi vya kupandisha na kushusha meli kama ule wa Panama, kwa kuwa usawa wa maji wa bahari mbili unazoziunganisha hautofautiani sana. Rais Nasser wa Misri aliutaifisha mwaka 1956, na Uingereza, Ufaransa na Israeli zikaivamia Misri. Vita vya 1967 viliufunga kwa miaka 8, hadi 1975. Machi 2021, meli moja yenye urefu wa mita 400, Ever Given, ilikwama mferejini kwa siku 6 na biashara ya dunia nzima ikayumba.

Kisha ukaja Novemba 2023. Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli, wakisema wanalenga zile zenye uhusiano na Israeli kwa sababu ya vita vya Gaza. Machi 2024 meli ya True Confidence ilipigwa na mabaharia 3 wakauawa. Bima ikapanda, na kampuni kubwa za meli zikaikimbia njia hiyo.

Sasa fikiria meli inayotoka Italia kuja Kilindini. Badala ya kuteremka moja kwa moja, inatokea Gibraltar, inapita Senegal, inaizunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, ndipo inapanda na pwani ya Msumbiji na Tanzania hadi kwetu. Imeizunguka karibu Afrika yote! Mafuta, mishahara na siku za ziada, vyote vinalipwa na mnunuzi wa mwisho. Hata Misri iliumia: mwaka 2024 mapato yake ya mfereji yalishuka kwa zaidi ya nusu.

Tuje kwenye unga. Kenya hailimi ngano ya kuitosha. Nyingi twaagiza nje, na Urusi na Ukraine, zilizo kwenye Bahari Nyeusi, ni miongoni mwa wauzaji wetu wakubwa. Njia fupi ya ngano hiyo ni Suez na Mlango wa Kilio. Kwa hiyo bibi wa mahamri, ndiyo, Yemen yakuhusu.

Lakini si kila kitu. Petroli yetu yatoka Ghuba na kupita Mlango wa Hormuz, ambao ni mlango mwingine kabisa. Magari ya Japani na vyombo vya Uchina vyaja kutoka mashariki, havipiti Yemen. Muuzaji akikwambia sufuria ya Uchina imepanda kwa sababu meli yake imezungushwa Afrika Kusini, mwambie akuonyeshe hiyo njia.

Hapa pia tuwe waadilifu. Meli zikizunguka siku nyingi, meli na makontena huadimika kila mahali, na nauli yaweza kupanda hata kwenye njia zisizo na vita. Tofauti ni kwamba nauli hupanda na kushuka. Njia ikitulia na nauli ikashuka, bei ya dukani nayo yapaswa kushuka. Je, hushuka? Kila mwenye kapu sokoni anajua jibu.

Wazee wetu walisafiri kwa majahazi hadi Aden na Maskati, wakijua kila rasi na kila upepo. Sisi tunaishi kando ya bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, lakini wengi wetu hatujui mzigo unaoteremshwa pale umepita wapi. Asiyejua njia ya mzigo hana la kujibu akitajiwa bei. Usiku ule nilimchorea bibi ramani kwenye karatasi ya kufungia mahamri. Asubuhi akaenda nayo dukani.