Shingo Imekataa? Kabla Kinyozi Aizungushe 'Kwaa!', Soma Hii Kwanza

Hii stori unaijua. Umeingia kinyozi pale Langas ama Huruma, umenyolewa fiti, taulo moto ikapita usoni, halafu masaji ya mabega ikaanza. Umelegea, macho yamefungika, unawaza tu chapo na madondo. Ghafla mkono mmoja uko kwa kidevu, mwingine nyuma ya kichwa. "Tulia, buda." Kwaa! Kushoto. Kwaa! Kulia. Unatoka hapo ukiskia umezaliwa upya, hata unaacha kasoo ka chai.

Wasee wengi wa Sisibo wakiamka shingo imekataa kugeuka, hio ndio hospitali yao ya kwanza. Na ukweli usemwe, mara nyingi hakuna kitu hutokea. Shida ni ile siku moja. Tutafika hapo.

Kwanza tuelewe hii shingo. Iko na pingili 7, idadi sawa na za twiga, na hio si utani. Katikati ya pingili kuna diski za kupunguza mshtuko, na pembeni zinatokea neva za kwenda mabegani, mikononi hadi vidoleni. Ndio maana shida ya shingo inaweza kukufanya uskie ganzi kwa kidole gumba na ushangae inahusiana vipi. Halafu kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda nyuma ya ubongo. Hio imepitia ndani ya vitundu vya mifupa yenyewe, kama waya za stima ndani ya paipu. Kumbuka hio mishipa, nitairudia.

Juu ya hayo yote umebeba kichwa cha kama kilo 5. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta akasema ukiinamisha kichwa digrii 60, vile tunainamia simu, shingo inaskia mzigo wa kama kilo 27. Kwa lugha ya Eldoret hizo ni gorogoro 13 za mahindi, na bado juu. Hio namba ilizunguka dunia nzima. Lakini usiimeze mzima mzima, kwa sababu ilikuwa hesabu ya kompyuta, hakupima watu wenye shingo zinauma. Tafiti zingine zilizofuata hazijakubaliana kama kuinama peke yake ndio huleta maumivu. Kile kinaonekana kuwa na maana zaidi ni kukaa pozi moja kwa muda mrefu, hata kama hio pozi ni poa, pamoja na kulala vibaya, kutofanya mazoezi na presha za maisha. Mtu amechelewesha kodi miezi miwili huwa mabega yamepanda hadi masikioni bila yeye kujua.

Sasa angalia mtaa. Msee wa nduthi anakaa kwa stage ya Uganda Road kutoka asubuhi, kichwa kimeinamia simu akingoja mteja, halafu anapiga barabara ya mawe hadi jioni. Dem anasukwa rasta masaa sita kichwa kikiwa kimevutwa upande mmoja. Na yule anayesukuma nywele kwa vidole, shingo yake inaumia kuliko ya mteja. Mwanafunzi wa Annex amelala kitandani, laptopu kwa tumbo, kidevu kimeguza kifua, anamaliza sizoni nzima usiku mmoja. Hawa wote wakiamka Jumatatu wanasema "nililala vibaya."

Mathe naye atasema ni baridi. Manze, baridi ya hapa ni noma, mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na Julai haina huruma. Ukilala umejikunja kama sambusa, misuli itakaza kweli. Lakini baridi haiingii shingoni ikakaa huko kama mpangaji.

Habari njema ni kwamba shingo nyingi zinazokataa ghafla huwa ni misuli na viungo vidogo vimekaza, na hutulia zenyewe ndani ya siku kadhaa ama wiki chache. Kazi yako ni kuzisaidia. Weka joto: chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, dakika 15 hivi. Panadol inatosha watu wengi, tembe mbili za miligramu 500, na usipitishe nane kwa siku. Zile dawa kali za chemisti kama diclofenac na ibuprofen zinasaidia, ila zimezea baada ya kula na usizigeuze chakula cha kila siku. Zinachoma tumbo, zinaumiza figo, na kama uko na vidonda vya tumbo, pumu ama mimba, ongea na mtaalamu kwanza. Kuna wasee wanadungwa sindano ya maumivu kila wiki kwa chemisti ya mtaani, bila mtu hata mmoja kuwauliza shida ilianza wapi. Hio si matibabu.

Kitu watu hukosea sana ni kuigandisha shingo. Wanatembea kama roboti, wengine wanaenda kununua kola. Kola ukiivaa siku nyingi bila kuambiwa na daktari, misuli inazubaa na maumivu yanakaa zaidi. Isongeshe polepole, mahali inafika bila kulazimisha. Geuza kulia, geuza kushoto, sikio lielekee begani, sekunde 20 hivi. Halafu kuna hii ya kuvuta kidevu nyuma bila kuinama, kama unatafuta kidevu ya pili. Shika sekunde 5, achilia, rudia mara 10. Utakaa kama kuku, lakini inafanya kazi. Bana pia mifupa ya mgongo ya mabega ikaribiane. Fanya hivyo mara mbili tatu kwa siku, na kila nusu saa ya simu ama laptopu inuka, hata kama ni kwenda tu kuchungulia dirishani.

Ikipita wiki chache bado inasumbua, tafuta mtaalamu wa fiziotherapi. Hao wana sheria yao tangu 2014 na wanasajiliwa na Baraza la Fiziotherapi la Kenya, kwa hivyo si dhambi kumuuliza mtu kama amesajiliwa kabla akuguze. Na usikimbilie eksirei. Picha nyingi huonyesha mifupa imechakaa kidogo hata kwa watu hawaumwi na chochote, unarudi tu nyumbani na wasiwasi mpya na mfuko mtupu.

Sasa turudi kwa kinyozi. Hio sauti ya kwaa si mfupa unarudi mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya MRI wakaona kinachotokea: pengo la gesi linafunguka ndani ya maji ya kiungo. Ni hewa, basi. Unaskia raha kwa muda, lakini hakuna kitu kimerekebishwa.

Hatari iko kwa ile mishipa miwili. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na kwa ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu inaganda hapo, na kipande kikipanda kwa ubongo hio ni kiharusi. Si kitu cha kila siku, ni nadra. Lakini kuchanika kwa mishipa ya shingo ni moja ya sababu kubwa za kiharusi kwa watu wa chini ya miaka 50, watu wa rika letu, si wazee peke yao. Na inaweza kuchukua masaa ama hata siku kadhaa kabla ionekane, kwa hivyo hautaiunganisha na kinyozi wa Jumamosi. Ukianza kuumwa na kichwa ama shingo vile hujawahi kuumwa, kizunguzungu, kutapika, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, uso kulegea upande mmoja ama kutembea kama mlevi, usiende kulala. Nenda MTRH ama hospitali yoyote iko karibu, saa hio hio.

Kuna zingine hazingoji. Shingo ngumu pamoja na homa, kichwa kuuma na macho kukataa mwanga inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Mkono ama miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, inaweza kuwa uti umebanwa. Na maumivu yanayokuamsha usiku wiki baada ya wiki, huku unakonda na kutokwa na jasho, yapimwe. TB huwa haikai kwa mapafu peke yake, inaingia hadi kwa pingili, na matibabu yake kwa hospitali za serikali ni bure.

Halafu ajali za nduthi, jo. Msee ameanguka, anasema shingo inauma, na mbogi inamwinua kwa makwapa, anawekwa katikati ya watu wawili kwa nduthi ingine hadi hospitali. Kama pingili imevunjika, hapo ndipo mtu alikuwa atembee anaishia kwa kiti cha magurudumu. Mwache alale kama hayuko kwa hatari ya kugongwa tena, helmeti isivutwe kama anapumua vizuri, mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike, na mwingine apigie ambulensi. Msalaba Mwekundu ni 1199.

Na masaji ya kinyozi bado ni tamu, sijasema uache. Sema tu mapema, kabla taulo moto ikulegeze: "Mabega sawa, lakini shingo usizungushe." Hakuna mtu amewahi kuongezewa bei kwa hio.