Tumwendee Kabla ya Matanga

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu mlioko majumbani, nanyi wanafunzi, leo twazungumza juu ya mja aliyeelemewa hata akatamani kufa, au akawa anaujeruhi mwili wake ili asahau maumivu ya moyo.

Sote twajua kuwa kujiua ni haramu. Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, imelikataza jambo hilo, na papo hapo ikataja rehema ya Mungu kwetu. Lakini wengi wetu huishika sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili. Kijana akitamka neno la kukata tamaa hukemewa kuwa hana imani, naye hunyamaza. Kunyamaza huko siko kupona.

Tumtazame Bibi Maryamu. Sura yenye jina lake, aya ya 23 hadi 26, yasimulia kuwa uchungu wa kuzaa ulimfikisha kwenye shina la mtende, akatamani lau angalikufa kabla ya hayo. Je, alikaripiwa? La. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akapewa tende mbivu ale, anywe na atulie. Nasi tuanze hivyo: kauli ya upole, chakula na mapumziko.

Mkoa wetu wa Kagera umeyajua majonzi: wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waliogunduliwa hapa mwaka 1983, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Watu wa Bukoba na Muleba walikaa matanga pamoja na wafiwa. Basi mwenye huzuni tumwendee kabla ya matanga.

Ukiona mtu anajitenga, halali, asema yeye ni mzigo, au agawa vitu vyake kama anayeaga, muulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya, bali humfungulia mlango wa kusema. Msikilize pasipo kubishana naye. Usimwache peke yake, na uviondoe karibu naye vitu vinavyoweza kumdhuru. Kisha fuataneni hospitali: ya Mkoa mjini Bukoba, au Rubya na Ndolage wilayani Muleba. Mtoto aweza kupiga simu 116 bila malipo. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na maradhi haya nayo yana tiba.

Nawe unayesikia ukiwa katika dhiki hiyo: fikira hizo huja kwa nguvu, kisha hupungua. Usikate shauri zikiwa zimekushika. Mwambie mtu mmoja leo hii, awe mama, mjomba, mwalimu au imamu. Kulia si upungufu wa imani. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe hata macho yake yakapofuka, naye alikuwa Nabii.

Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zilizoelemewa, na atujaalie tuwe wepesi wa kuzisikiliza. Amin.