Wembe wa Babu Ukiingia Pengo: Unoe au Uutupe?

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Lakini je, mtu mzima aliyerithi wembe afanye nini ukiingia pengo?

Swali hili lina uzito mtaani Lanet, viungani mwa Nakuru. Hapa pamekuwa na kambi ya jeshi tangu enzi ya ukoloni, na askari hutarajiwa kufika gwarideni akiwa amenyoa ndevu. Si ajabu basi kukuta katika sanduku la mzee aliyestaafu wembe wa kale wa kukunja, uliotengenezwa Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani. Kijana wake huutoa, akauona unang'aa, akaupaka usoni bila kutambua kuwa makali yamemeguka.

HATARI YAKE

Pengo dogo kama punje ya mchanga lina kingo kali zinazokwaruza ngozi na kung'oa nywele badala ya kuzikata. Katika michubuko hiyo, viini ambavyo kwa kawaida huishi juu ya ngozi hupenya ndani na kuleta vipele na majipu. Mgonjwa wa kisukari ajihadhari zaidi, kwani vidonda vyake huchelewa kupona.

Wengi huamini kwamba kutu ndiyo huleta pepopunda. Sivyo. Ugonjwa huo huletwa na viini vinavyopatikana katika udongo na uchafu. Hata hivyo, wembe uliokaa sandukuni miaka mingi haufai kuaminiwa kabla ya kusafishwa.

KUUREKEBISHA

Kwanza uchunguze kwenye mwanga mzuri kwa kioo cha kukuzia. Usipapase makali kwa kidole. Pitisha pamba taratibu kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Nyuzi zikinasa, hapo pana pengo.

Ukiona ufa unaopanda kuelekea mgongoni, usinyolee tena wembe huo. Ufa hauondoki kwa kunolewa, na chuma kinaweza kukatika usoni. Uweke kama kumbukumbu tu.

Pengo likiwa dogo, litaondoka kwa jiwe la kunolea. Haliwezi kuzibwa, ni makali yote yanayopunguzwa hadi yafikie kina cha pengo. Anza na jiwe la namba 1000 lililolowa maji. Laza wembe ili mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja, kisha usukume makali yakitangulia, bila kukandamiza. Unapougeuza, uzungushie mgongo. Pengo likiisha, endelea na jiwe laini la namba 4000 hivi, kisha 8000. Malizia kwenye ukanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia.

Usiupeleke kwa fundi wa kunoa visu kwa gurudumu. Joto la gurudumu hulainisha chuma chembamba, na makali hayatadumu tena.

USAFI

Osha wembe kwa maji na sabuni, uloweke katika spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi, ukaushe kabisa, kisha upake mafuta mepesi. Dawa ya kuondoa madoa ya nguo huua viini, lakini hula chuma cha namna hii.

Hata ukisafishwa hivyo, wembe huo uwe wa mtu mmoja. Damu hujificha penye kiungo cha mpini, mahali ambapo si rahisi kufikia. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo hiyo katika ratiba ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Virusi vya Ukimwi pia huweza kupitia damu iliyo kwenye wembe.

Baba na mwana wanaweza kurithishana wembe. Kuutumia pamoja, hapana.