Je, Wajua? Kuna Mkonge Usiochoma

Agave attenuata ni ndugu wa mkonge wa katani, ule ambao mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1893. Asili ya attenuata ni nyanda za juu za katikati ya Meksiko. Majani yake ni mapana na laini, hayana mwiba ubavuni wala nchani. Lakini utomvu wake huweza kuwasha, kwa hiyo vaa glavu unapoyakata.

Wa kupendeza kuliko yote ni attenuata wenye majani ya mistari ya njano au nyeupe. Mistari hiyo ina umbijani (klorofili) kidogo sana, au haina kabisa, hivyo haichangii chakula cha kutosha. Ndiyo maana mmea huu hukua polepole kuliko wa kijani kitupu, na jua kali la mchana huuunguza upesi. Uchagulie mahali penye kivuli chepesi adhuhuri na udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Mizizi ikikaa majini, huoza.

Ukitaka kuuzalisha, usitegemee mbegu, kwani kwa kawaida hazirithishi mistari. Chukua chipukizi la pembeni lenye rangi zote mbili. Likitokea la kijani kitupu, ling'oe mapema, maana lina nguvu zaidi na litaumeza mmea wote. Jeupe tupu nalo halidumu likitenganishwa na mama.

Baada ya miaka mingi mmea hutoa mlingoti mmoja wa maua uliopinda kama mkia wa mbweha. Shina lililochanua hufa, na machipukizi huendelea.