Ngazi tatu kwenye mlango wa hoteli

Mchimbaji aliyevunjika mgongo mu shimo kule Manguredjipa anapandishwa Butembo kufuata matibabu. Hapa Kimemi, mji wa vilima, hoteli inamungoja na ngazi tatu mlangoni. Vijana wanamubeba pamoja na kigari chake kama muzigo, watoto wake wakiangalia. Lakini sheria ya 3 Mei 2022 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuingia majengo ya watu wote. Na dawa si ya bei: ngazi ya sentimita 15 inaomba muteremko wa simenti wa meta 1,80 tu. Shida kubwa ni choo. Mlango mwembamba, kigari kinabaki inje. Mama, mbele ya kulipa chumba, pima huo mlango: sentimita 80 zinatosha.