Rap na injili: albamu ya kwanza ya Cross Movement ingali inagawanya wasikilizaji

Zaidi ya miaka 25 imepita tangu kundi The Cross Movement la mji wa Philadelphia, Marekani, litoe albamu yake ya kwanza, Heaven's Mentality, mwaka wa 1997. Mpaka leo wasikilizaji hawajapatana juu yake. Wamoja wanaihesabu kati ya mahubiri yenye nguvu zaidi yaliyowekwa juu ya mdundo wa rap. Wengine wanasema ni darasa la Biblia lililovalishwa kofia ya mtaani. Na kuna wale wasiotaka hata kuisikiliza, kwani kwao rap na kanisa ni vitu viwili visivyoweza kulala nyumba moja. Ubishi huo si wa Wamarekani peke yao. Hata huku Kivu kuna vijana wanaosikiliza rap kwenye simu katikati ya juma, na siku ya yenga wanasimama mbele ya kanisa pamoja na kwaya.

Vijana wa mtaa, Biblia mkononi

Albamu hiyo ilitoka wakati hip-hop ya Marekani ilikuwa katika matanga. Mwezi wa tisa mwaka wa 1996, Tupac Shakur alikufa kwa risasi huko Las Vegas. Miezi sita kiisha, mwezi wa tatu mwaka wa 1997, Notorious B.I.G. naye akauawa huko Los Angeles. Wazazi wengi, Wakristo na wasio Wakristo, waliona kifo cha vijana hao wawili kuwa ushahidi kwamba muziki huo unaua.

Katikati ya kilio hicho, kundi la vijana weusi wa Philadelphia likaja na rap isiyo na matusi, isiyosifu bunduki wala pesa. Kati ya waliojulikana zaidi ni The Ambassador, Phanatik, The Tonic na Enoch, majina yao ya kisanii. Hawakuwa wa kwanza. Stephen Wiley alikuwa ametoa Bible Break mwaka wa 1985, na kundi DC Talk lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka wa 1989. Lakini wale wa Philadelphia walichukua mdundo mzito wa pwani ya mashariki ya Marekani, ule ambao vijana wa mtaa walikuwa wakiusikiliza miaka ile, na sauti za wanaume kadhaa wakipokezana mikro. Juu ya mdundo huo waliweka mafundisho ambayo kwa kawaida husikika katika shule ya Biblia: Utatu, umungu wa Yesu, damu ya msalaba, hukumu, utakaso.

Jina lenyewe la albamu linaonyesha nia yao, kwani maana yake ni fikra za mbinguni. Hawakutaka kufurahisha watu tu. Walitaka kubadilisha namna kijana wa mtaa anavyofikiri. Na hapo ndipo wasikilizaji walipogawanyika.

Wanaokataa rap yote

Kikundi cha kwanza ni cha wale wasiotofautisha rap njema na rap mbaya. Kwao shida haiko katika maneno. Iko katika muziki wenyewe. Wanasema mdundo ule, namna ile ya kusimama, ya kunyoosha mikono na ya kutoa sauti kwa ukali, vyote vilizaliwa katika kiburi na hasira. Kwa hiyo hata ukiweka jina la Yesu juu yake, mwili wa msikilizaji utaendelea kusikia kiburi na hasira.

Mawazo hayo hayakufa na miaka. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2013, video ya mazungumzo ya wahubiri na walimu kadhaa huko Marekani ilizunguka sana. Waliulizwa juu ya rap ya Kikristo yenye mafundisho ya Biblia, na wakaikosoa kwa ukali. Mmoja wao alifikia hata kuwaita wasanii hao waoga. Vijana wengi wa kanisa waliumia, na baadhi ya wasemaji waliomba radhi siku zilizofuata. Albert Mohler, mkuu wa seminari ya Wabatisti wa Kusini huko Louisville, aliandika kuwatetea wanarap hao, ijapokuwa si muziki anaoupenda yeye mwenyewe.

Mwaka uleule, mwalimu wa muziki wa kanisa Scott Aniol na mwanarap Shai Linne, ambaye naye ni mtoto wa Philadelphia, walijibizana kwa maandishi, kwa heshima na bila matusi. Aniol alishikilia kwamba umbo la muziki lina maana yake, kwa hiyo haliwezi kubeba ujumbe wowote ule. Linne akajibu kwamba Biblia haikutaja aina moja ya muziki kuwa takatifu na nyingine kuwa chafu, na kwamba mwenye kukataza lazima aonyeshe andiko.

Wapenzi wa hip-hop wasioridhika

Kikundi cha pili kinapenda hip-hop, lakini hakikuridhika na albamu. Hawa hawaulizi kama rap ni dhambi. Wanauliza kama rap hii ni nzuri.

Lawama yao ya kwanza ni juu ya utengenezaji. Heaven's Mentality ilikuwa kazi ya kwanza ya vijana wasio na kampuni kubwa nyuma yao, na sikio lililozoea studio za gharama linalisikia jambo hilo mara moja. Mtu anayerudi kwenye albamu hiyo baada ya kusikia kazi za baadaye za kundi hilohilo anaona tofauti bila kuambiwa.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: maneno ni mengi, na ni ya kanisa. Mstari mmoja unaweza kugusa vitabu vitatu vya Biblia. Kwa aliyekulia katika shule ya yenga, hiyo ni karamu. Kwa kijana wa kona ya barabara ambaye hajawahi kufungua Agano Jipya, ni kama kuingia darasani katikati ya somo. Wasikilizaji hao wanauliza: kama albamu ilitaka kuvua samaki mtaani, kwa nini ilitumia lugha inayoeleweka na wale walio tayari ndani ya nyavu?

Hata watetezi wa kundi wanashindwa kuliepa swali hilo. Ndilo lililoendelea kugawanya rap ya Kikristo miaka iliyofuata. Mwaka wa 2012 Lecrae, ambaye kazi zake za mwanzo zilisambazwa kwa msaada wa Cross Movement Records, alitoa Church Clothes, akisema na watu wasioingia kanisani kwa lugha yao. Mwaka wa 2014 albamu yake Anomaly ilishika nafasi ya kwanza katika orodha kubwa ya mauzo ya Marekani, Billboard 200. Wamoja walishangilia kwamba mlango umefunguka. Wengine, hasa waliolelewa na Cross Movement, waliona msalaba unaanza kutajwa kwa sauti ya chini.

Waliosema: hatimaye tumesemeshwa

Kikundi cha tatu ni cha wale walioipokea kwa furaha. Wengi wao walikuwa vijana wa kanisa waliokuwa wakiishi maisha mawili. Nyumbani kaseti ya rap ilifichwa chini ya mto. Kanisani waliimba nyimbo za kitabu ambazo zilitungwa karne nyingi kabla yao. Walipowasikia vijana kama wao, wenye lafuzi kama yao na mavazi kama yao, wakieleza kwa nini Yesu ni Mungu na kwa nini damu ilimwagika, waliona kwamba hawalazimiki kuchagua kati ya mtaa wao na imani yao.

Kitu wanachokisifu zaidi ni kwamba kundi halikuwadharau. Muziki mwingi unaotengenezewa vijana wa kanisa unawapa maneno mepesi: Mungu ni mwema, tucheze. Cross Movement waliwapa chakula kigumu, wakiamini kwamba kijana anayeweza kukariri mistari 60 ya rap ya dunia anaweza pia kukariri mistari 60 ya mafundisho.

Matunda ya imani hiyo yalionekana. The Ambassador alisoma tauhidi katika Dallas Theological Seminary, na mwaka wa 2006 alishiriki kuanzisha kanisa la Epiphany Fellowship huko Philadelphia pamoja na pasta Eric Mason. Kampuni ya kundi, Cross Movement Records, iliwainua wengine kama Da' T.R.U.T.H. na FLAME. Na mwaka wa 2003 albamu yao Holy Culture ilitoka, kiisha ikateuliwa kushindania tuzo ya Grammy. Kwa kikundi hiki, makosa ya albamu ya kwanza ni kama makosa ya mtoto anayeanza kutembea. Anaanguka, lakini anakwenda mbele.

Na sisi huku?

Mtu aliyekulia katika kanisa la Goma, Bukavu ao Butembo hawezi kusoma ubishi huo bila kutabasamu, kwani anaujua. Katika sehemu nyingi za Afrika, wamisionari wa kwanza waliona ngoma kuwa kitu cha wapagani, na haikuruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa. Lakini mwaka wa 1958, huko Kamina katika Katanga, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin, walitoa Missa Luba: maneno ya misa kwa Kilatini, lakini sauti na ngoma za kwetu. Sahani yake ikasikilizwa mpaka bilaya. Miaka 30 kiisha, mwaka wa 1988, Roma iliruhusu rasmi misa ya majimbo ya Zaïre, yenye ngoma na kucheza. Kitu kilichokatazwa kwa babu kikawa ibada ya mjukuu.

Hata hivyo mfano huo haumalizi kesi. Missa Luba ilikubalika kwa sababu maneno ya misa yalibaki, na kila mwamini aliyajua tayari. Hapa ndipo msikilizaji wa Kivu anapokutana na shida ambayo Wamarekani hawana. Nguvu ya Heaven's Mentality iko katika maneno, na maneno hayo ni ya Kiingereza cha mtaa, ya haraka, yaliyojaa misemo ya Philadelphia. Kijana anayesema Kiswahili na Kifransa, anayenunua unite ili apakue wimbo mmoja mmoja, anapata mdundo kamili na ujumbe nusu. Kwa maneno mengine, anapokea sehemu ambayo wakosoaji waliiona dhaifu, na anakosa ile iliyosifiwa.

Kwa hiyo mzee wa kanisa anayesema kwamba kijana wake anafuata mdundo tu, huenda hakosei kabisa. Na kijana anayejibu kwamba ujumbe ni wa Mungu, huenda hajui anautetea ujumbe gani. Wote wawili wanabishana juu ya albamu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisikia yote.

Kuna makanisa ambako mazungumzo hayo yanaishia kwa amri: acha muziki huo ao toka kwenye kwaya. Kijana akitoka, mtaa haumwulizi swali lolote unapompokea. Katika miji yetu, ambako vijana bila kazi wanatafutwa na kila mwenye silaha na kila mwenye pombe, kumpoteza mwimbaji mmoja si jambo dogo. Lakini kumruhusu apande jukwaani na maneno asiyoyaelewa nako si malezi.

Njia ambayo albamu hiyo yenyewe inaonyesha ni ya katikati, na ina jasho. Vijana wa Philadelphia hawakuanza kwa kuomba mikro. Walisoma kwanza, kiisha wakaandika kwa lugha ya mtaa wao. Rap ya injili itakayowasemesha vijana wa Goma haitakuwa nakala ya Heaven's Mentality. Itakuwa mistari ya Kiswahili chetu, iliyoandikwa na mtu anayeijua Biblia na anayejua pia bei ya makala sokoni, na ambayo pasta ameisoma kabla haijaimbwa. Hapo mzee na kijana wataweza kubishana juu ya kitu kilekile.

Ikumbukwe kwamba The Cross Movement walitoa HIStory: Our Place in His Story mwaka wa 2007, miaka kumi baada ya Heaven's Mentality, wakiaga kama kundi. Wanachama wao waliendelea na kazi zao, na wasikilizaji wakaendelea na ubishi wao.