Nchi Isiyo na Shosho

Ukitaka kumtisha kijana wa Nyeri anayejiandaa kwenda Uingereza, usimtajie baridi. Atakucheka. Amekulia kati ya Mlima Kenya na Aberdare, mwezi wa saba amekwenda shule ukungu ukiwa umefunika njia, na sweta mbili kwa pamoja si habari kwake. Kitakachomshangaza ni jua. Pale Nanyuki mstari wa ikweta unakata barabara, na mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu saa ile ile. London mwezi wa Disemba linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo anayeingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku anaweza kumaliza wiki hajaliona. Juni mambo hugeuka. Jua linazama baada ya saa tatu usiku, na hakuna mtoto wa miaka mitatu atakayekubali kwamba ni wakati wa kulala huku majirani wangali wanakata nyasi.

Hata hayo huzoeleka. Lisilozoeleka kwa familia changa, na ambalo nyumbani hakuna anayeliuliza kwa kuwa wote wanauliza mshahara, ni nani atabaki na mtoto.

Februari 2022 Uingereza iliwaingiza wahudumu wa wazee katika viza ya kazi za afya. Wauguzi wetu walikuwa wakienda tangu zamani, na Julai 2021 serikali hizi mbili zilitiliana saini makubaliano juu yao. Mlango wa 2022 ulikuwa mpana zaidi: haukudai shahada, na ulimruhusu mtu kuja na mke au mume na watoto wake. Kwetu Nyeri, kule Mathira, Tetu na Othaya, ng'ombe wakauzwa, mikopo ya sacco ikachukuliwa, harambee zikaitwa. Waliohitimu uuguzi katika vyuo vya Tumutumu na Mathari walisafiri ndege moja na walimu na makarani ambao hawakuwahi kumwogesha mgonjwa maishani. (Misheni ya Tumutumu ilianzishwa na wamisionari wa Kanisa la Scotland mwaka 1908. Siku hizi wauguzi wanatoka upande ule kuja huku Uingereza.)

Kazi yenyewe haiko sana London anayoijua kila mtu. Iko katika miji ya pwani wanakohamia Waingereza wakistaafu, kama Eastbourne, na katika vijiji ambavyo basi la mwisho huondoka jioni mapema. Wengine wako kwenye makao ya wazee, zamu ya saa kumi na mbili. Wengine huenda nyumba kwa nyumba kwa gari: dakika thelathini kwa mzee huyu za kumwosha, kumvisha na kumpa chai, kisha kwa mwingine maili kadhaa mbele. Leseni ya Kenya huwafaa kwa miezi 12 tu. Baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa barabarani. Dereva aliyepiga trip za Nyeri–Nairobi miaka kumi anaweza kuangushwa na mtihani huo kwa sababu hakutazama kioo kabla ya kukunja kona.

Nyumba ni za matofali, zimeshikana ukuta kwa ukuta, ngazi nyembamba zenye zulia. Chini ya madirisha kuna vyuma vinavyopitisha maji moto, na vinakula gesi. Nguo huanikwa ndani, unyevu unapanda ukutani na kuacha kuvu nyeusi kwenye pembe, kisha mwenye nyumba anakuambia ufungue madirisha, mwezi wa Januari. Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Taka zina mapipa ya rangi mbalimbali, kila rangi na siku yake, na ukikosea zinaachwa pale pale.

Turudi kwa mtoto. Mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Zamu tatu za saa kumi na mbili ni kama pauni 412 kwa wiki kabla ya kodi. Mwaka huo huo, wastani wa kumweka mtoto wa chini ya miaka miwili kwenye kituo cha kulelea watoto wiki nzima ulikuwa karibu pauni 302. Mwenye hesabu ataona mara moja kwamba mmoja wa wazazi atakuwa akimfanyia kazi mwenye kituo. Serikali ina ruzuku kwa wazazi wanaofanya kazi, lakini wageni wa viza wengi wana sharti la kutogusa fedha za umma, na ruzuku kubwa inawapita. England, wanachopata wengi wao ni saa 15 kwa wiki mtoto akishafika miaka mitatu, na hizo ni za majuma ya shule pekee.

Kwa hiyo wanapokezana. Mama anafanya usiku, baba mchana. Kwenye mlango wa friji kuna kalenda, zamu za mama kwa wino mwekundu, za baba kwa bluu, na siku isiyo na wino huonekana mara mbili au tatu kwa mwezi. Asubuhi wanakutana mlangoni, mmoja akivua koti mwingine akivaa, na mazungumzo ya ndoa yamekuwa ripoti ya wodini: amekula nusu, homa imeshuka, dawa tena saa nne. Nimezitembelea nyumba za namna hiyo, na sidhani watu hao wamepungukiwa na upendo. Wamepungukiwa na mtu wa tatu.

Huko Karatina mtu wa tatu hatafutwi. Yupo shosho, yaani nyanya, yupo mama wa duka, yuko dada wa kazi, na mtoto wa miaka sita hutumwa chumvi akarudi na chenji. Uingereza sheria haitaji umri wa kumwacha mtoto peke yake, ila ni kosa kumwacha mahali anapoweza kudhurika, na mashirika ya watoto hushauri kwamba aliye chini ya miaka 12 ni nadra awe tayari kwa hilo. Jirani akisikia kilio hatabisha hodi, atapiga simu. Kiboko nacho ni hadithi nyingine: Scotland ilipiga marufuku kumchapa mtoto mwaka 2020, Wales 2022, huku England ikiacha nafasi ya adhabu ya kadiri, ambayo busara ni kutoipima.

Ni haki kusema nchi hii humtazama mtoto kwa namna yake. Kliniki haidai pesa mlangoni, na dawa za watoto hutolewa bure. Mama akijifungua salama, mara nyingi hurudi nyumbani ndani ya siku moja, na kule kwetu hapo ndipo wanawake wa kanisa wangeanza kuingia na chupa za uji na sufuria za mukimo. Huku anakuja mkunga, na baadaye muuguzi wa watoto anayempima mtoto na kuandika uzito wake kwenye kitabu chekundu. Anamuuliza mama kama amekuwa akikosa raha au kulia bila sababu. Ni swali ambalo wale wa mukimo hawaulizi, na wangefaa kuuliza. Ila akishajibiwa, anafunga begi lake na kwenda zake.

Mtoto huanza shule Septemba baada ya kutimiza miaka minne. Shule za serikali hazina karo, na England miaka mitatu ya kwanza chakula cha mchana ni bure kwa kila mtoto. Mzazi aliyesoma bweni Kagumo au Bishop Gatimu hutazama saa: mtoto anatoka baada ya saa tisa mchana, kila siku, na lazima mtu awe langoni.

Familia za viza si za kwanza kutoka kwetu kupita hapa. Wahindi wenye maduka Nyeri na Nanyuki walikuwa miongoni mwa jamii iliyoondoka Kenya kwa wingi mwaka 1967 na 1968, hadi Uingereza ikapitisha sheria ya haraka Machi 1968 kuwazuia, ingawa walikuwa na pasipoti zake. Wengi walitua Leicester. Lakini wao walikuja na nyanya zao. Ukiingia maduka ya Belgrave Road kutafuta unga wa mahindi, unaweza kumkuta mzee nyuma ya kaunta anayekujibu kwa Kiswahili, na mjukuu kando yake anayehesabu pesa.

Mlango wa 2022 umeshafungwa. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu mpya wa wazee haruhusiwi kuleta mwenzi wala watoto, na Julai 2025 ajira mpya za kazi hiyo kutoka nje zilisimamishwa. Walioingia katikati ya hapo waliwaacha watoto kwa shosho, na sasa ndio wenye ulezi wa uhakika wasiokuwa na mtoto wa kumshika. Waliokuja mapema wana mtoto na hawana shosho.

Njia iliyobaki ni viza ya matembezi, isiyozidi miezi sita. Ada yake kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 127, na viza ikikataliwa hairudishwi. Nyanya anaruhusiwa kukaa na mjukuu akiwa mgeni, mradi isiwe ajira. Afisa anataka ushahidi kwamba atarudi, kwa hiyo mama wa Tetu anapeleka nakala ya hati ya shamba na karatasi za malipo ya majani chai kutoka kiwanda cha Gathuthi, na kutafuta maneno ya kumweleza mgeni wa ofisini ng'ombe watatu wana maana gani. Wanaokubaliwa hupangiwa kufika Mei na kuondoka Oktoba kabla baridi haijashika. Oktoba ndipo bonasi ya chai hulipwa, kwa hiyo hata umsihi vipi, hataongeza wiki.